Kupimwa Mimba kwa Mawimbi ya Sauti, na Dalili Zionekanazo kwa Mtoto Kabla ya Kuzaliwa

 

Ndugu zetu wa Soin, wale wa bondeni pamoja na wale wakaao juu kwenye mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, wameleta katika darsa swali moja kwa njia nyingi. Mwanamke mja mzito huenda kliniki, hupigwa picha ya tumbo, kisha hurejea nyumbani na karatasi iliyojaa maneno asiyoyajua, pamoja na neno moja la mdomo alilolishika barabara: "mtoto ana maji kichwani", au "pana doa moyoni mwake". Tangu siku hiyo nyumba haina usingizi. Mume huuliza kama ilikuwa halali kutazama yaliyomo tumboni. Wazee husema ni jicho. Na mama mwenyewe, ambaye ndiye aliyebeba, huacha kliniki kwa khofu ya kuambiwa jingine, akazalia nyumbani. Hili la mwisho ndilo lililotufanya tuandike, kwa sababu mtoto aliyeonekana kuwa na kasoro ndiye mwenye haja zaidi ya kuzaliwa hospitali kuliko mwingine yeyote.

Tuanze na jambo la ghaibu, maana ndilo linalowazuia baadhi ya watu mlangoni. Aya ya mwisho ya Surat Luqman yataja mambo matano ambayo ujuzi wake uko kwa Mwenyezi Mungu, na moja katika hayo ni yaliyomo matumboni. Yuko asemaye: basi mwenye kutazama kwa mashine ameingilia ujuzi wa Mola wake, na mwenye kumsadiki amepotea. Haya ni maneno ya mtu aliyesoma aya akaacha tafsiri. Mkunga wa zamani aliweka mkono juu ya tumbo akajua kama mtoto yuko kichwa chini au amelala kingamo, wala hakuna shekhe aliyemwambia kuwa amedai ghaibu. Ibn Kathir katika tafsiri yake ameeleza ya kwamba, Mwenyezi Mungu akisha kuamuru mtoto kuwa mume au mke, Malaika waliowakilishwa hulijua hilo, na pia awatakao katika viumbe vyake. Ujuzi wa Mwenyezi Mungu juu ya tumbo watangulia kuumbwa kwake kilichomo, nao umekusanya riziki yake na umri wake na mwisho wake. Mashine huona kivuli cha kitu kilichokwisha kuwako, tena hukiona nusu nusu, kama tutakavyoeleza.

Chombo chenyewe huitwa altrasaundi. Hakitumii miale ya eksirei bali sauti, na sauti yake ni nyembamba mno hata sikio la binadamu haliisikii: mitetemo ya milioni tatu hadi tano katika sekunde moja. Asili yake si hospitalini. Mafundi wa viwanda walikuwa wakitumia sauti ya namna hii kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya vyuma. Mwaka 1955 Ian Donald, profesa wa ukunga katika mji wa Glasgow, alichukua uvimbe uliokatwa matumboni mwa wagonjwa wake, akaupeleka katika kiwanda cha kutengeneza matangi ya mvuke akaupime kwa mashine ya vyuma, naye akaona ya kuwa uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama hujibu kwa namna mbili mbali mbali. Mwaka 1958 yeye na wenzake, John MacVicar na fundi Tom Brown, walitangaza kazi yao katika jarida la Lancet, na ndani yake mlikuwamo picha za mtoto aliye tumboni.

Msomaji akilifahamu hili la kujibu, ameifahamu karatasi nusu. Chombo hutuma sauti ndani ya mwili, kisha husikiliza mwangwi. Mfupa hurudisha mwangwi mkubwa, nao huonekana mweupe. Maji hayarudishi kitu, nayo huonekana meusi. Nyama huwa kati kwa kati. Kwa hiyo daktari asemapo "doa jeupe" amesema tu ya kwamba hapo pana kitu kilichorudisha sauti zaidi ya jirani yake. Na asemapo "pameonekana weusi" amesema pana maji. Kutoka hapo mpaka kusema mtoto ni mgonjwa bado pana safari. Mtoto akiwa amegeuka mgongo, au maji ya chupa yakiwa haba, au mama akiwa mnene, sauti hufifia na picha huwa ya mashaka. Hata mtaalamu hodari humwambia mama arudi siku nyingine, na kurudishwa huko si dalili ya ubaya.

Shirika la Afya Duniani liliagiza mwaka 2016 kwamba kila mja mzito apimwe kwa altrasaundi walau mara moja kabla ya majuma 24. Kwa kuangalia viungo vya mtoto kimoja kimoja, wakati unaofaa zaidi ni juma la 18 mpaka la 22. Kabla ya hapo viungo ni vidogo mno, na baadaye mifupa imekuwa migumu na mtoto amebanana. Lakini kwa kujua umri wa mimba, mapema ni bora kuliko baadaye. Mtoto akipimwa urefu wake, tangu kichwani hata matakoni, katika miezi mitatu ya kwanza, umri utapatikana kwa tofauti ya siku tano hadi saba. Akipimwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho, tofauti yaweza kufika majuma matatu. Jambo hili ni zito kwetu Soin kuliko linavyodhaniwa, maana wake wengi hawaendi kliniki illa tumbo likisha kuonekana na watu. Mwanamke asiyekumbuka hedhi yake, akaja mara ya kwanza mwezi wa saba, huambiwa "mtoto ni mdogo", na hakuna ajuaye kama mtoto ni mdogo kweli au ni hesabu iliyokosewa. Tena mtoto aweza kuwa mdogo kwa sababu ya malaria ya mama, na huko bondeni malaria twaijua sote, bila ya kuwa na kilema cho chote.

Katika karatasi utaona herufi. BPD ni upana wa kichwa, HC ni mzingo wa kichwa, AC ni mzingo wa tumbo, na FL ni urefu wa mfupa wa paja. Mbele ya kila moja huandikwa milimita na majuma. Majuma hayo manne hayalazimiki kulingana sawa sawa. Watoto hutofautiana kama watu wazima wanavyotofautiana. Kinachotafutwa ni kipimo kimoja kilichoachana mbali na vyenzake.

Sasa tufike kwenye dalili zenyewe. Hapana budi tupambanue aina mbili ambazo watu, na mara nyingine hata wahudumu, huzichanganya. Ya kwanza ni kasoro yenyewe kuonekana: kiungo hakipo, au kiko wazi, au kimeziba. Ya pili ni alama tu, ambayo yenyewe haimdhuru mtoto, lakini imeonekana mara nyingi kidogo zaidi kwa watoto wenye ugonjwa fulani. Khofu kubwa majumbani yatokana na aina hii ya pili, na yafaa kuwa kinyume chake.

Katika aina ya kwanza mfano ulio wazi ni wa kichwa na mgongo. Ubongo na uti wa mgongo huanza kama mfereji, kisha mfereji hujifunga ukawa bomba. Usipojifunga upande wa juu, fuvu na ubongo havioti, na mtoto wa namna hiyo haishi ila saa au siku chache baada ya kuzaliwa. Hili laweza kuonekana tangu juma la 12. Usipojifunga upande wa chini, huwa ni mgongo wazi: mishipa ya fahamu hutokeza nje, miguu huwa dhaifu, na haja haizuiliki vyema. Mgongo wenyewe ni mwembamba na kidonda ni vigumu kukiona, basi wataalamu waligundua njia ya kukitambua kutoka kichwani. Mwaka 1986 Kypros Nicolaides na wenzake walieleza ya kwamba, mtoto mwenye mgongo wazi, kichwa chake kikitazamwa kwa kukatwa upana, hubonyea pande mbili za mbele kikawa kama ndimu, na ubongo mdogo wa nyuma hujikunja ukawa kama ndizi. Sababu yake ni kuwa maji ya uti huvuja kwa chini, na ubongo ukavutwa kuelekea shingoni. Ndimu peke yake huonekana pia kwa watoto wachache walio wazima. Ndizi ndiyo yenye kutegemewa zaidi. Hivyo mtu akiambiwa "kichwa kina umbo la ndimu", na aulize: na ubongo wa nyuma umeonekana vipi, na mgongo umetazamwa?

Maji kichwani ni khabari nyingine, ingawa mara nyingi hufuatana na mgongo wazi. Kila ubongo una vyumba vya maji. Katika picha hupimwa upana wa chumba kimoja, na usipofika milimita 10 hapana neno. Ukiwa 10 hata 15 huitwa mpanuko mdogo au wa kadiri, na ukizidi 15 ni mkubwa. Mtoto mwenye milimita 11 na hana kasoro nyingine yo yote, uwezekano wa kukua sawa na wenziwe wazidi tisa katika kumi. Mwenye milimita 20 hali yake ni mbali kabisa. Na wote wawili huambiwa kwa Kiswahili "ana maji kichwani"! Kwa hiyo namba hiyo sharti iulizwe, iandikwe katika kitabu cha kliniki, na ipimwe tena baada ya majuma machache ionekane kama yaongezeka au imesimama.

Wala maji kichwani si hukumu ya kufa. Mjini Mbale, Uganda, iko hospitali ya watoto ya CURE, ambako daktari Benjamin Warf kutoka Marekani alitengeneza njia ya kuyapitisha maji hayo kwa tundu dogo ndani ya ubongo wenyewe, pamoja na kuchoma sehemu inayoyatoa, ili mtoto asihitaji kuwekewa mrija wa maisha yake yote. Mrija huziba, na mtoto wa kijijini mbali na hospitali aweza kufa kwa kuziba huko. Mwaka 2017 ulitolewa uchunguzi uliofanywa hapo juu ya watoto 100, na baada ya mwaka mmoja akili za waliotobolewa na za waliowekewa mrija hazikutofautiana. Katika Kenya, hospitali ya misheni ya Kijabe imewatibu watoto wa mgongo wazi na wa maji kichwani kwa miaka mingi. Jambo moja zaidi kutoka Mbale: watoto wengi walioletwa huko hawakuzaliwa na maji, bali waliyapata baada ya maambukizo ya siku zao za mwanzo. Basi mama aliyeambiwa kuwa picha yake ni njema asiache kutazama kichwa cha mwanawe. Kikikua haraka kuliko mwili, aende bila kungojea.

Tumboni mwa mtoto huonekana mengine. Matumbo yaweza kuwa nje, yakielea katika maji ya chupa, au yakawa ndani ya mfuko kwenye kitovu. Hali mbili hizi zafanana kwa jina la mitaani, lakini ya pili ndiyo ifuatanayo zaidi na kasoro nyingine za moyo na za asili ya mbegu. Utumbo wa kwanza ukiwa umeziba, huonekana viputo viwili vyeusi pamoja, kimoja cha tumbo na kimoja cha utumbo uliojaa, na mara nyingi havionekani mpaka baada ya mwezi wa sita. Mtoto huyu hupasuliwa siku za kwanza akapona, lakini karibu theluthi ya watoto wa namna hii wana hali ya Down, na wazazi wana haki ya kulijua hilo. Figo zaweza kujaa maji. Zikijaa kidogo, mara nyingi hutengemaa zenyewe. Moyo ndio mgumu kuliko vyote: ni mdogo, hauachi kwenda, na kasoro zake nyingi hupita bila kuonekana hata katika nchi zenye mashine za thamani.

Maji ya chupa nayo ni shahidi. Mtoto huyameza na kuyakojoa. Kina cha mfuko mkubwa wa maji kikipungua sentimita 2, huulizwa kama chupa imepasuka, au figo hazitengenezi mkojo, au kondo la nyuma limechoka. Kikizidi sentimita 8, huulizwa kama mama ana ugonjwa wa sukari, au mtoto hawezi kumeza kwa kuwa njia yake imeziba. Mama na apimwe sukari kwanza.

Tuje kwenye aina ya pili, yaani alama. Mashuhuri zaidi ni doa jeupe moyoni, ambalo ni chembe ya chokaa katika msuli wa moyo. Haliudhuru moyo hata kidogo. Huonekana kwa watoto watatu au wanne katika mia walio wazima kabisa. Liliogopwa kwa sababu watoto wenye hali ya Down huwa nalo mara nyingi zaidi. Sasa tufanye hesabu. Chukua wanawake 1000 wenye umri wa miaka 25. Mtoto mwenye hali ya Down miongoni mwao atakuwa mmoja, au hata asifike mmoja. Lakini wenye doa watakuwa 30 au 40. Basi hata tukijaalia kwamba yule mmoja analo doa, waliobaki wote wenye doa ni wazima, na mama zao wamelizwa bure. Mama wa miaka 40 hesabu yake ni nyingine, kwa kuwa asili ya khatari kwake ni kama mmoja katika 100. Lakini hiyo ni khatari ya umri, wala si ya doa. Kadhalika vifuko vidogo vya maji katika ubongo, ambavyo huonekana kwa mtoto mmoja au wawili katika mia na karibu vyote huondoka kabla ya mwezi wa saba kwisha.

Alama moja haina haki ya kudharauliwa. Nayo ni maji yaliyo chini ya ngozi ya shingo kwa nyuma, yapimwayo tangu juma la 11 hata la 13 na siku sita tu. Huyu huyu Nicolaides, huko London, ndiye aliyeitangaza mwaka 1992. Yakifika milimita 3.5 au zaidi, ni wajibu mtoto atazamwe tena vizuri, khasa moyo, hata kama si mwenye hali ya Down. Na alama mbili au tatu zikikutana kwa mtoto mmoja, hukumu ya alama moja moja haifai tena.

Kanuni ambayo darsa letu limeafikiana ni hii: kabla ya kulia, uliza. Limeonekana jambo gani, na kwa kipimo gani? Umri wa mimba umejulikana kwa njia gani? Ni jambo moja au yako mengine? Nani atapima tena, na lini? Mhudumu mwema hachukii maswali haya, na akichukia, mama aende kwingine. Si kila zahanati ya Soin ina mashine, na si kila mwenye mashine amefundishwa kutazama viungo. Katika miaka hii ya karibuni wakunga wa Kenya wameanza kufundishwa vyombo vidogo vya kushika mkononi, navyo ni neema: huonyesha kama mtoto yu hai, ni mmoja au wawili, amekaaje, na kondo liko wapi. Lakini kwa viungo vya ndani mama apande Kericho kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, na wa upande wa Bomet waende Longisa au Tenwek. Na jambo likiwa zito zaidi ataandikiwa Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Ndugu mmoja alilalamika ya kwamba nauli ni ghali. Ni kweli. Lakini tumewaona watu walewale wakitoa mbuzi kwa mganga ili aondoe jicho, na bei ya mbuzi yafika Eldoret na kurudi.

Baadhi ya waume huzuia kwa sababu mpimaji ni mwanamume. Akipatikana mwanamke, ndiye bora. Asipopatikana, haja ya tiba huruhusu kufunua kiasi kinachohitajiwa, na hilo si geni katika vitabu vya fikihi. Mume na aingie pamoja na mkewe, akae, asikilize kwa masikio yake. Huko kuingia kuna faida ya pili, kwani mume aliyesikia mwenyewe hamshutumu mkewe njiani. Maana lawama hizi za kwamba mwanamke ndiye aliyeleta kilema hazina msingi katika dini wala katika utabibu.

Sasa swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini. Kilema kikubwa kikionekana, je, mimba yaweza kutolewa? Hatutaki kujibu kwa matamanio yetu. Hadithi ya Ibn Masuud, iliyo katika Bukhari na Muslim, yaeleza hatua za kuumbwa mpaka Malaika atumwapo kupuliza roho, na kwayo wanachuoni wengi wamehesabu siku 120. Baraza la Fikihi la Rabita huko Makka, katika kikao chake cha mwaka 1990, liliamua kwamba siku hizo zikisha kupita haijuzu kutoa mimba kwa sababu ya kilema, illa kamati ya madaktari waaminifu ithibitishe kuwa kubaki kwake ni khatari ya hakika kwa uhai wa mama. Kabla ya siku 120, ikithibitishwa na kamati ya namna hiyo kwamba kilema ni kikubwa na hakitibiki, yajuzu kwa kutaka wazazi. Wako wanachuoni wasioruhusu hata hilo. Tena iko sheria ya nchi: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 26, hairuhusu kutoa mimba ila mtaalamu wa afya aliyehitimu aonapo haja ya tiba ya dharura, au uhai au afya ya mama imo khatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Kilema cha mtoto hakikutajwa hapo kuwa sababu peke yake.

Na hapa pana kosa la hesabu ambalo wengi hulifanya. Madaktari huhesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani karibu majuma mawili kabla ya mimba kuingia. Wanachuoni huhesabu tangu kuingia. Siku 120 ni majuma 17 na siku moja. Ongeza mawili, huwa majuma 19 na siku moja kwa hesabu ya hospitali. Kwa hiyo mwanamke apimwaye mara ya kwanza juma la 20, akadhani yuko bado ndani ya miezi minne, amekwisha kuipita. Picha iliyo bora kwa kuona viungo huja karibu na mpaka huo au nyuma yake. Mwenye kuhitaji kumwuliza shekhe na daktari pamoja, na apimwe mapema, kisha apimwe tena.

Kwa walio wengi, lakini, jambo si hilo. Ni kubeba, na kuzaa mahali panapofaa. Mtoto mwenye kichwa kikubwa huenda mama akahitaji kupasuliwa. Mwenye matumbo nje hufunikwa mara moja kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi, asipoteze joto, na kupelekwa kwa mpasuaji siku hiyo hiyo. Mwenye njia iliyoziba asinyonyeshwe kwanza. Haya hayawezekani kama mkunga hakuambiwa kabla. Na yule ambaye hataishi, akizaliwa na uhai hata wa pumzi moja, ana haki zote: hupewa jina, huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa, na hurithi na kurithiwa. Akitoka baada ya miezi minne bila dalili ya uhai, katika madhehebu ya Shafi huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa, wala hasaliwi. Mahanbali wao humsalia. Mama asinyimwe kumwona mtoto wake akitaka kumwona.

Limebaki la mimba ijayo, nalo ndilo ambalo twaweza kulitenda wenyewe. Ule mfereji wa ubongo na mgongo hujifunga siku ya 28 baada ya mimba kuingia, wakati ambao wanawake wengi hawajui bado kuwa ni waja wazito. Kinachousaidia kujifunga ni vitamini iitwayo foliki, mikrogramu 400 kila siku. Vidonge vya madini ya chuma na foliki vitolewavyo kliniki vina kiasi hicho, na vyafaa kwa damu ya mama. Lakini aanzaye mwezi wa tano, mgongo wa mtoto ulikwisha kujifunga, au kutojifunga, miezi mitatu na zaidi nyuma. Serikali ya Kenya iliamuru mwaka 2012 unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani utiwe vitamini na madini, foliki ikiwamo. Sisi wa Soin tunalima mahindi yetu na kuyasaga kwenye mashine ya posho ya jirani, na unga huo haukutiwa kitu. Basi mwanamke aliyeolewa na atakaye mtoto anunue vidonge vya foliki mapema, walau mwezi mmoja kabla, na aendelee mpaka juma la 12. Maharagwe na mboga za majani zasaidia, lakini hazitoshi peke yake. Anayekunywa dawa ya kifafa iitwayo valproeti asiache kwa shauri lake, bali amwendee daktari kabla ya kushika mimba abadilishiwe, kwa maana dawa hiyo huongeza mgongo wazi. Wenye kuoana binamu kwa binamu wajue, ndoa yao ikiwa ni halali, kwamba uchunguzi wa mji wa Bradford, Uingereza, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kuwa watoto wao wenye kasoro za kuzaliwa ni karibu sita katika mia, na wa wengine ni watatu.

Na mwanamke ambaye amekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi au asiye na fuvu, mikrogramu 400 hazimtoshi. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa katika Lancet mwaka 1991 ulimpa mwanamke wa namna hii miligramu 4 kwa siku, yaani mara kumi, na kasoro kurejea kukapungua kwa asilimia 72. Kidonge hicho kikubwa huandikwa na daktari. Aseme khabari ya mtoto wa kwanza bila haya, na aseme kabla ya kushika mimba ya pili.